Kasmir na Mkutano wa Waliotaka Kuacha

Kasmir wa Songea hakuwa mlevi. Hilo alimweleza kila aliyekaa naye mezani, huku akiagiza chupa nyingine. Mlevi, kwa maelezo yake, ni mtu anayelala mtaroni. Yeye alilala hotelini, mtaa wa Xiaobei, mara nyingi kitandani, na viatu alivyonunua kwa jumla soko la Zhanxi vilifika nyumbani jozi kamili. Mwaka 1997 Watanzania walioijua Guangzhou, China, walikuwa wachache, na yeye aliona heshima hiyo haifai kubebwa na koo kavu.

Siku moja akaenda Shiling, kwenye viwanda vya mikoba, pamoja na Benedicta, mfanyabiashara wa Mbeya aliyechangia naye kontena. Laoban wa kiwanda, bosi mkarimu kupita kiasi, alileta pombe kali ya mtama kabla ya kutaja bei. Kasmir, aliyelelewa kutowavunjia heshima wenyeji, aliitikia kila “ganbei”, yaani kausha glasi. Benedicta aliporudi kutoka msalani alikuta wameshapeana mikono: nusu ya kontena ni mikoba ya kijani yenye picha ya paka aliyevaa miwani. Nguo za Benedicta zikabaki ghalani kwa kukosa nafasi.

Kesho yake Benedicta alimkuta akinywa chai.

“Kaka Kasmir, mimi sikusemi,” alisema. “Ila kontena ni la wawili, na mlevi ni mmoja. Nasikia kuna mikutano ya watu wanaotaka kuacha. Uende, la sivyo tafuta mwingine wa kuchangia naye.”

Mikutano inafanyika wapi, Benedicta hakujua. Kasmir akamuuliza mhudumu wa hoteli kwa Kichina chake cha sokoni, ambacho kilitosha kusema “ghali” na “punguza”. Mhudumu alifikiri kidogo, akamwitia teksi. Ukumbini alikuta umati unapiga makofi. Watu walipanda jukwaani mmoja mmoja kueleza jinsi maisha yao yalivyobadilika, wengine wakilia. Kasmir hakuelewa hata neno, lakini aliguswa sana. Wiki iliyofuata alirudi, akapiga makofi hadi viganja vikauma, akamwambia Benedicta kwamba anajisikia nafuu. Mara ya mwisho walimpandisha jukwaani, wakamvika utepe mwekundu na kumkabidhi mashine ya kusafisha maji, aiuze na kuwaleta wauzaji wengine. Kumbe ulikuwa mkutano wa biashara. Kasmir alijiliwaza kwa bia, kama alivyoshauriwa na kiu yake.

Safari hii Benedicta mwenyewe ndiye aliyeulizia, kwa mwalimu mmoja Mkanada aliyemfahamu, akapata anwani ya kweli: chumba cha juu katika shule ya Kiingereza, Jumamosi mchana. Kasmir alipanga kukaa karibu na mlango, asikilize kwa adabu, kisha arudi na ripoti kwamba wale ni wagonjwa na yeye hayumo. Alikuta mzee Mwaustralia, nesi wa Kichina, fundi Mjerumani, na kwenye kona, Murshid.

Murshid wa Unguja, muuza redio! Yule aliyehamisha sahani yake kila chupa ya Kasmir ilipotua mezani, na aliyemhubiria kuhusu ini na akhera bila kuombwa.

“Umenifuata?” Murshid aliuliza kwa sauti ya chini.

“Nimekuja kujifunza Kiingereza.”

“Na mimi.”

Zamu zikaanza kuzunguka. Murshid alipofikiwa, alisema maneno machache ya Kiingereza, kisha akaacha, akaendelea kwa Kiswahili akitazama sakafu. “Naitwa Murshid. Mimi ni mlevi. Nakunywa chumbani, mlango nimeufunga, kisha natafuna karafuu harufu isitoke.”

Kasmir, ambaye siku zote alidhani zile karafuu ni mapenzi ya mtu kwa kwao, alitafuta kejeli aliyokuja nayo asiipate. Zamu yake ilipofika alitaja jina. Halafu akajisikia anaeleza kwa Kiswahili habari za mkewe, Leokadia, ambaye kila yeye Kasmir anaporudi safari humnusa kwanza ndipo amsalimie, na watoto nao wameshajifunza kusubiri majibu ya pua ya mama. Wageni wale hawakuelewa chochote. Waliitikia kwa vichwa kana kwamba wameelewa yote.

Msidhani alitoka pale malaika. Wiki hiyohiyo alikunywa, akarudi Jumamosi akitarajia kufukuzwa. Walimpa kiti.

Kila safari aliyofika Guangzhou alikwenda mkutanoni, na taratibu chupa zikapungua hadi zikaisha. Badala yake akawa mtu wa kuchosha kwa maneno: Benedicta alilalamika kwamba afadhali enzi za bia, maana zamani walau alikuwa analala.

Mwaka 1999 Murshid hakuonekana mkutanoni. Kasmir alimfuata hotelini, akabisha, akasikia chupa ikigongana na kitu. Mlango haukufunguliwa. Akaketi chini kwenye korido, akaanza kumsimulia bei za viatu, jozi kwa jozi, habari ambayo hata mzima haivumilii. Wahudumu walimruka na ndoo zao. Alasiri komeo lilisogea. Murshid alisimama na macho mekundu, hana karafuu mdomoni.

“Nimeharibu,” alisema.

“Najua. Vaa viatu, sheikh wangu, tukale kwanza.”