Kikombe Cheusi cha Mzibua Vyoo

Jumanne, tarehe 14 Machi. Joto la kunata, mawingu mazito, mvua hakuna.

Mzibua vyoo alikuwa mtu wa kuzamisha mkono kwenye bomba la maji taka mpaka begani huku akipiga soga. Siku hiyo jino lilimtesa tangu alfajiri, na kwa hasira akameza pakiti mbili za vidonge vya maumivu kwa mkupuo mmoja. Mkewe alipoona pakiti tupu, alimkokota hadi hospitali akiwa bado na mabuti ya kazi.

Muuguzi alikoroga unga wa mkaa wa dawa kwenye maji, akampa kikombe.

"Huu utanasa vile vidonge kabla havijaingia kwenye damu. Vikiingia, ini lako ndilo litakaloumia. Kunywa yote, baba."

Akachungulia. Uji mweusi, mzito kama tope la mfereji. Akaonja. Haukuwa na ladha yoyote, na hilo ndilo lililomchefua zaidi: ulikwaruza meno, ukaganda kwenye ulimi, ukagoma kushuka. Akaziba mdomo, ute mweusi ukapenya kati ya vidole, ukachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Sista, hata mimi nina kinyaa changu."

"Kinyaa wewe?" mkewe akadakia. "Si wewe uliyetoa panya aliyeoza kwenye bomba la jirani, ukaja ukala bila kuguna?"

"Yule sikumtia mdomoni, mama."

Muuguzi alitazama saa ya ukutani. "Baba, muda ndio huo unakwenda. Vidonge havitakusubiri."

Mke akanyakua kikombe na kupiga funda moja kabla muuguzi hajamzuia. Kisha akamchekea mumewe: meno meusi tii, fizi nyeusi, povu jeusi kwenye pembe za mdomo. Mumewe akageuza uso.

"Usipomaliza, nitakuchekea hivi hivi mpaka kesho."

Akafumba macho, akabana pua, akanywa. Kila funda lilirudi kooni, naye akalimeza tena, machozi yakimtoka. Muuguzi akatia maji kidogo, akasuuza kikombe, akamnywesha na yale machicha.

Asubuhi iliyofuata, bado yuko wodini, majibu ya damu yalikuwa mazuri. Alikwenda chooni, mara akachungulia mlangoni, uso umempauka.

"Sista, haja kubwa ni nyeusi kama lami."

"Ni mkaa huo, unatoka."

Akarudi akavuta maji. Akavuta tena. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaisukuma chai ya rangi aliyoletewa na mkewe, akaomba maziwa.