Niliwapigia Pembe Watengeneze Shule, Nikahamia Mimi

Jina langu lifichwe, tafadhali, na la kijiji pia. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, fundi mwashi, nina mke na watoto watatu. Naishi milimani huku Upare, juu ya Same.

Kwetu kuna shule ya mawe waliyoijenga babu zetu enzi za Mjerumani. Mwaka jana wakubwa waliamua igeuzwe nyumba za kisasa za makarani wa serikali: sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, jiko la ndani. Watoto wakahamishiwa kwenye kibanda cha nyasi. Nikapewa kusimamia kazi, na ahadi kwamba nyumba ya mwisho itakuwa yangu.

Mpare hakatai msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na ujira, mradi iwe ya wote: mfereji, barabara, shule. Nyumba ya karani wasingeijenga. Basi nikapiga pembe ya kuita watu kazini, nikatangaza, "Jamani, tunatengeneza shule ya watoto wetu!" Wakaja wote. Mama yangu, na mgongo wake ule mbovu, alibeba mawe ya mtoni kichwani siku nne. Nilimwona, nikanyamaza. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Jambo langu lilikuwa uongo.

Sasa nalala palipokuwa darasa la kwanza, nilipojifunzia kusoma. Ubao mke wangu kaufanya meza. Naona aibu hata kufungua dirisha, maana watoto hupita wakichungulia.

Wiki iliyopita ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, ilibomoka ukuta. Nikapiga pembe mpaka mashavu yakauma. Hakuja mtu, isipokuwa mama, jembe begani.

"Shikamoo, mama. Wenzako wako wapi?"

"Marahaba. Wanasema pembe yako haina ukweli. Nimewagombeza! Nimewaambia mwanangu hawezi kutudanganya, anaitunza tu shule mpaka watoto warudi. Si ndivyo, baba?"

Nikajibu, "Ndivyo, mama."

Akainama, akaanza kuzoa tope peke yake.

Ndugu wasomaji, mke wangu hataki kusikia habari ya kuhama. Nikiendelea kunyamaza, mahindi ya kijiji kizima yatakauka. Nikikiri mbele ya watu, wa kwanza kuchekwa ni mama aliyenitetea. Nipeni shauri, hata la kunitukana nitalipokea. Mama nimwambieje?