Hodi Mlangoni mwa Friji

Mtaalamu wetu wa maabara hafungui friji bila kupiga hodi. Humo mna utando wa kondo la nyuma, zawadi ya akina mama waliojifungua. Yeye huuloweka kwenye dawa ya kuukaza, ili seli za konea, kioo cha mbele ya jicho, zioteshwe juu yake bila utando kuchanika. Huunyanyua kwa kibano, akinong'ona, “Taratibu, mwanangu.” Tukimcheka, “Mama, humo ndani nani atakuitikia?” yeye hupiga hodi tena.

Juzi utando ulimchanikia tena, na msichana aliyeungua macho alikuwa wodini anasubiri kupandikizwa seli hizo. Akanawa, akarudi kwenye friji, akashika mlango. Akaanza kupiga hodi, asiimalize. Basi sisi sisi tuliokuwa tukimcheka tukaitikia:

“Karibu, mama.”