Alama ya Maji Ukutani

Nyinyi vijana mnaotafuta nyumba za kununua, nawasikia mkiuliza vyumba vingapi, choo ndani au nje, gari linafika au halifiki. Vizuri. Hamuulizi maji yanapita wapi. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini somo hili nimelisoma nikiwa nimesimama ndani yake, limenifika kiunoni.

Nakumbuka kiangazi nilichoinunua nyumba hii ninayokaa mpaka leo. Nilikuwa mjane mwenye mtoto, nauza nazi Kariakoo, nimepanga chumba nyuma ya soko. Mwenye nyumba akatuambia tuhame, panajengwa ghorofa. Dalali akanileta huku chini, upande wa Jangwani. Jua linawaka, ardhi imepasuka, nyumba imepakwa rangi ya bluu, mpya, bado inanuka. Nikaipenda pale pale.

Na macho nilikuwa nayo, mwanangu. Niliona soketi za umeme zimewekwa juu, usawa wa kifua changu. Nikasema afadhali, mtoto hatazichezea. Nikamwona jirani, bibi mmoja aitwaye Bi Tatu, kizingiti chake kimeinuliwa kwa matofali, na kitanda chake nacho kimepandishwa juu ya matofali. Nikasema huyu mzee anaogopa panya. Nilipita mlangoni pake mara tatu, sikuuliza neno.

Mnajua kwa nini? Sisi tumelelewa hivyo: jambo halijatimia, halitajwi. Ukisema unanunua nyumba, watu wanakutia jicho, nyumba inakuponyoka. Basi nikanunua kimya kimya kama mtu anayeiba. Aliyejua ni mmoja tu, mdogo wangu Mwajuma, tuliyekuwa tukiuza naye nazi meza moja.

"Dada, huko bondeni umewauliza majirani?"

"Niwaulize ili iweje? Wanifanyie husda?"

"Uwaulize masika maji yanafika wapi."

"Dalali kasema hayafiki."

"Dalali analala kule?"

Mtu akibanwa hutafuta tusi. Nikamwambia, "Mwajuma, wewe hujanunua hata banda la kuku. Sema tu roho inakuuma."

Akaniangalia. Nazi aliyokuwa ameishika akairudisha kwenye fungu, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Siku ya kuhamia hakuja. Nami sikumfuata. Nikasema mimi ndiye mkubwa, atakuja mwenyewe.

Masika ya kwanza tu. Mvua ilianza alfajiri, kufika adhuhuri maji yamo ndani, mengine yanatokea chooni. Binti yangu Zuhura, mdogo wakati huo, nimempandisha juu ya meza, na meza yenyewe inaanza kuelea. Masufuria yanapita, godoro linapita, kanga za marehemu mama yangu zinapita. Bi Tatu yuko juu ya kitanda chake, dirisha lake linatazamana na langu.

"Wewe mgeni! Lete mtoto huku!"

Nikampitisha Zuhura dirishani. Bi Tatu akamfunika shuka, kisha akanigeukia.

"Ungeniuliza ningekwambia. Nilikuona ukipita na pua yako juu, hata salamu hutoi. Nikasema huyu anatudharau sisi watu wa bondeni, basi, maji yatatujulisha."

Maji yalipokauka, ile rangi nzuri ya bluu ikabanduka kama maganda. Chini yake nikakuta mistari mitatu ya tope la zamani, mmoja juu ya mwingine. Wangu ukawa wa nne.

Nikaenda sokoni kumwomba mdogo wangu radhi. Mezani nikamkuta mtu mwingine. Wakaniambia Mwajuma kahamia Kilwa, kwa mwanawe. Nikasema nitakwenda Idi. Idi ikapita, ikapita na nyingine. Habari iliyonifikia ilikuwa ya msiba wake. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno ndivyo hivyo.

Sasa majirani wamehama, mmoja mmoja. Bi Tatu naye alichukuliwa na wajukuu zake. Nyumba yake imebomolewa, kimebaki kile kizingiti cha matofali, kinaingia kusikokuwa na chumba. Asubuhi nakunywa chai yangu nikikitazama. Wakati mwingine nakisalimia. Msinicheke.

Basi mwanangu, wahenga walisema mficha uchi hazai. Nyumba usiitazame kiangazi, itazame mvua ikinyesha. Tazama vizingiti vya majirani, tazama vitanda vyao vimekaa juu ya nini. Rangi mpya ikikupendeza, uliza imefunika nini. Mtafute bibi mkongwe wa mtaa ule, mpe shikamoo, kaa chini, umuulize masika yaliyopita alilala wapi. Muulize na anayekaanga mihogo njiani, maana huyo anajua siku ambazo jiko lake halikuwaka. Na ndugu yako akikuuliza swali gumu, usimwite hasidi. Hasidi angekuacha ununue. Mungu akupe nyumba kavu, na akubakishie mtu wa kukuuliza maswali ndani yake.

Juzi Zuhura kaja na mumewe na fundi wa rangi. Wanataka tuiuze nyumba, wanichukue nikakae nao Chanika.

"Mama, tunapaka kidogo tu. Mteja anakuja Jumamosi, akiiona hiyo mistari atakimbia."

"Akimbie."

"Sasa si utabaki peke yako huku?"

"Nimeshabaki."

Zuhura akaanza kulia. Na mimi Chanika naitaka, nisiwaongopee. Nataka kusikia mtu anakohoa chumba cha pili. Lakini nilisimama, nikawaambia wote waliokuwemo mle ndani:

"Funikeni hiyo ndoo ya rangi. Ukuta huu haupakwi rangi, nikiwa hai wala nikifa. Mteja akija, mpeni kiti kwanza, kisha mumwonyeshe mistari yote minne, na mumwambie: Mama yetu maji yalimfika hapa."