Barua za Daktari wa Nyufa

Mtaani walimwita Daktari wa Nyufa, na jina hilo lilikuwa la haki. Shahada yake ya uzamivu ilikuwa ya zege: linapasuka lini, linaanzia wapi, na kwa nini. Majirani waliomletea watoto wenye kikohozi aliwaelekeza zahanati, kwa adabu, nao waliondoka wakijiuliza huyu ni daktari wa namna gani.

Alikuwa akitafuta nafasi ya utafiti ng'ambo, zile wanazopewa waliomaliza uzamivu wakafanye kazi kwenye maabara kubwa. Nafasi hizo zina masharti mengi kuliko ya mganga: ukipitisha miaka mitano tangu umalize, basi tena. Yeye alibakiwa na miezi miwili. Alikuwa ameomba mara arobaini na moja, akakataliwa mara arobaini na moja, tena kwa heshima zote.

Kila ombi lilitaka barua ya mwalimu. Profesa wake, mzee ambaye Daktari bado alimfanyia kazi maabarani, alikuwa na desturi yake. "Andika mwenyewe, kijana wangu. Mimi nitatia sahihi." Naye alitia bila hata kuvaa miwani.

Sasa mtu utajisifu vipi? Mama yake alimlea kwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi Daktari akawa anaandika: "Ni kijana mtulivu. Hana makuu. Akielekezwa, hufanya kazi vizuri." Kwenye hilo "vizuri" aliona amejipendelea kidogo.

Ombi la arobaini na mbili, profesa wa ng'ambo alimpigia simu mwenyewe. Utafiti wako ni wa hali ya juu, alimwambia, lakini kwa barua hii mwalimu wako hana imani nawe. Akampa hadi Ijumaa alete barua nyingine.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, aliyasikia yote huku anapiga pasi.

"Mimi nikimwambia mteja 'nikielekezwa nashona vizuri', nani ataniachia kitambaa chake?"

"Dada, kwani ningejisifu mwenyewe?"

"Nenda kwa mzee wako aandike yeye. Leo."

Akaenda. Profesa alisikiliza, akavaa miwani. Aliandika saa nzima kwa vidole viwili, kisha akamsogezea asome. "Miaka thelathini sijafundisha mwenye jicho kama lake. Mara mbili alisahihisha hesabu zangu, na mara zote mbili alisema ni kosa la mashine."

Daktari aliisoma mara mbili. Aliituma siku hiyohiyo, na wiki ya tatu jibu likaja: wamemchukua.

Alikwenda mbio kumwambia Profesa. Mzee hakushangaa.

"Nilijua wakiisoma ile watakuchukua."

"Laiti ungeniandikia mapema, Profesa. Ila najua zile za kwanza hukuwa unazisoma."

"Nilizisoma zote," Profesa alisema. "Nilikuwa nabaki na nakala, nazisoma ukishaondoka. Nikaona kwa barua hizi hawatakuchukua, nikashukuru. Ningebaki na nani hapa?"

Daktari alikasirika, akakasirika kweli. Alienda hadi mlangoni, akageuka. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na mzee, akaanza kumwonyesha polepole jinsi ya kuiwasha ile mashine ya kupimia zege, ambayo miaka yote alikuwa akimwashia yeye.