Basi Lililofika Mpaka Kwetu

Mwaka jana nilikwenda msibani mbele ya Ipole, nikapita kwa gari mahali palipokuwa na kijiji chetu. Dereva, kijana wa Tabora mjini, hakupunguza hata mwendo, wala sikumlaumu. Hakuna nyumba iliyobaki, ni miti ya miyombo tu na lami. Nilitaka kumwambia kwamba barabara ile tuliibishania sana kabla haijawa barabara, nikaona nitamchosha. Acha nikusimulie wewe, ndugu yangu.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetawala. Kwetu kulipita njia ya miguu tu, ile ya zamani ya misafara, iliyokanyagwa na wapagazi tangu hatujazaliwa. Sisi wasichana tulitwanga uwele alfajiri, tukachota maji, tukaanika michembe ya viazi vitamu juu ya mawe. Msimu wa asali tulitafuna masega mpaka midomo inanata. Mvua za kwanza zikileta uyoga, bibi aliupika kwa karanga, na harufu yake iliwatoa watu shambani kabla hawajaitwa.

Mama alifia kwenye njia ile. Alishikwa na uchungu, mtoto akakwama, baba na jirani yetu wakambeba kwa machela kumpeleka hospitali Sikonge. Hawakufika. Nilikuwa napepeta unga nilipowaona wanarudi, mama amefunikwa kaniki gubigubi. Baba hakulia mbele yetu. Alikwenda kukaa nyuma ya ghala, na hatukuthubutu kumfuata.

Haukupita muda mrefu, mkuu wa kijiji akaleta habari kutoka kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Serikali ilikuwa na mpango mkubwa: mabasi yatoke stesheni ya Tabora, yaende kila upande wa jimbo, yapite Sikonge na Ipole mpaka kwetu. Vijiji vitakavyokubali vitalima barabara vyenyewe, na nyumba zihamie kando yake. Tujadiliane, tupeleke jibu.

Wanaume wa kijiji walijadiliana uani kwetu. Wengine walisema tumbaku na nta zitafika mjini bila kuvunja watu migongo. Wengine wakauliza, wanaume wakienda kulima barabara, mashamba atalima nani? Ndipo baba akasimama.

"Mke wangu alikata roho mabegani mwangu," alisema. "Lingekuwapo basi siku ile, angekuwa jikoni hapo. Mimi nitalima barabara hii hata peke yangu."

Bibi, mama yake baba, alikuwa mlangoni anachambua kunde. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusema kwenye vikao vile, lakini yeye alisema.

"Baba yangu aliondoka kwa njia hii na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Tulimngoja mpaka mama akachoka kumtaja. Hilo basi litamchukua mgonjwa, sawa. Na mzima je?"

"Mama, mzima ana miguu yake," baba alijibu. "Atarudi."

Ikapita kauli ya baba. Barabara ililimwa wakati wa kupanda, na mwaka ule tulishinda njaa, tukachimba mizizi porini. Bibi hakulalamika. Alikata matonge madogo, lake dogo kuliko yote.

Basi lilipofika kwa mara ya kwanza, lilikuwa limejaa vumbi, na akina mama walipiga vigelegele. Masika yaliyofuata, mke wa jirani yule aliyebeba machela alipatwa na shida ileile ya mama. Walimpandisha basini. Alirudi kwa miguu yake, mtoto mgongoni, akaja moja kwa moja kwetu kupiga magoti mbele ya baba. Siku hiyo ndipo nilipomwona baba akilia.

Baada ya basi wakaja waandikishaji wa vibarua, wakitafuta vijana wa kukata mkonge huko Tanga. Kaka yangu alijiandikisha. Baba mwenyewe ndiye aliyembebea sanduku mpaka barabarani. Kaka alimwamkia bibi, bibi akaitikia marahaba, akamshika mkono na kuuachia taratibu.

Hakurudi. Waliorejea walisema alikuwa anakohoa, wengine wakasema alihamishiwa shamba jingine. Hakuna aliyeliona kaburi. Kila siku ya basi baba alikwenda kusimama barabarani, akawatazama wanaoshuka mmoja mmoja, kisha akabaki hapohapo basi likishaondoka. Siku moja bibi alimfuata, nami nikiwa nyuma yake na bakuli la uji.

"Mtoto wa jirani ameanza kutembea," bibi alimwambia. "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi njoo unywe uji."

Bibi hakumwambia neno jingine juu ya jambo lile, mpaka anakufa.

Miaka ilipokwenda, mpango ukataka kusogea mbele zaidi, na wazee wa vijiji vya huko wakaja kumwona baba. Walikuwa wamesikia kwamba ndiye aliyelileta basi. Niliwaandalia ugali na maziwa ya mgando. Walipokwisha kula, mkubwa wao akauliza, "Mwenzetu, tukubali?"

Baba alisogeza bakuli lake kando.

"Basi lingewahi, mke wangu angepona," alisema. "Lisingekuja, mwanangu angebaki. Mimi nimeshindwa kuyapima haya mawili. Pimeni nyinyi."

Walingoja aongeze, yeye akainuka kuwasindikiza. Nilisikia baadaye kwamba walikubali, na sijui kama mimi ningewakataza.

Vijana waliendelea kupanda basi, mwaka hata mwaka, kwenda Tanga, Dar es Salaam, wengine sijui wapi. Nyimbo za kulimia pamoja zilikoma kwa kukosa sauti za kiume. Mizinga ilibaki mitini, nyuki wakiingia na kutoka, hakuna wa kurina. Baba alipofariki, wanaume waliobaki kijijini walikuwa vikongwe. Kaburi lake tulilichimba sisi wanawake.