Vitalu Viwili vya Bernadina

Dada yangu Bernadina ni mkaidi, na nasema hivyo kwa kumpenda. Miaka kumi na mbili alisimamia shamba darasa la Ganako: vitalu viwili, udongo mmoja, mbegu tofauti, wakulima waje wajionee. Kwa hiyo saratani ya ubongo iliporudi baada ya upasuaji na mionzi, na daktari akasema kuna dawa mbili za kumeza, hakuna inayoponya, wala haijulikani ipi itamfaa zaidi, aliona jibu hilo ni la uvivu. Alitaka kufika Desemba, binti yake Angela ajifungue.

Kliniki alikutana na Sairowua, mfugaji wa Olbalbal, kule Ngorongoro, mwenye umri wa mwanawe na ugonjwa uleule. Yeye alikuwa kwenye ile ya kumeza mara moja kila wiki sita. Bernadina akachagua ile ya siku tano kila mwezi.

"Sisi ndio vitalu," akamwambia. "Kila tarehe saba tukutane mnadani Karatu, tulinganishe."

Nilimgombeza. Watu si mahindi! Akanicheka, na kila mnada nikamsindikiza.

Walilinganisha kila kitu: kutapika, uchovu, majibu ya damu. Uvimbe uliwaletea wote kifafa. Kabla hakijampanda, dada alinusa maharage yanaungua. Sairowua alisikia kengele ya ng'ombe wake aliyekufa kwa ukame.

Mnada wa tatu Sairowua alikuja anaburuta mguu. "Yeyo, kengele imenyamaza," alisema, akimwita dada mama kwa Kimaasai. "Sasa nanusa maharage yanaungua. Na kwangu hatupiki maharage."

Harufu hiyo ilikuwa ya dada. Siku hiyo dada hakulinganisha kitu kingine, akanivuta turudi nyumbani.

Mnada wa nne alikuja mke wa Sairowua, Nanyokie, peke yake. Walikuwa wameshamzika. Akatoa ile kengele ya ng'ombe ndani ya shuka. "Alisema nikuletee, yeyo."

Niliipokea mimi. Haikuwa na chuma cha ndani cha kuilizia. Nanyokie alisema Sairowua alikitoa siku ng'ombe alipokufa.

"Germana, acha kuitikisa," dada akasema.

Sikuwa naitikisa. Kwa woga nikaanza kubwabwaja: kitalu chake ndicho kilichosimama, dawa yake ndiyo bora, Desemba atafika. Hakunisikiliza. Alikuwa ameigeukia barabara ya Ngorongoro, ametega sikio.

"Angela amebakiza muda gani?"

"Miezi miwili, dada."

"Mwambie aharakishe," akasema. "Kengele imeshapita geti, inashuka huku."